Kambi ya trela huchaguliwa kwa ardhi yake, si kwa picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu makala ya safari mliyoichapa hivi karibuni, iliyowashauri watu wanaosafiri na trela za kulala nchini Marekani jinsi ya kuchagua kambi za kupumzikia usiku. Namshukuru mwandishi wake kwa kulileta suala hili mbele ya wasomaji wa Kiswahili, kwa sababu ni nadra kuliona likijadiliwa katika lugha yetu, na wengi wetu tunaojaribu safari hizi hujifunza kwa kuharibu vitu vyetu wenyewe. Hata hivyo, ushauri wake ulielemea mno upande wa mapambo: mandhari, bwawa la kuogelea, nyota zilizotolewa na wageni waliotangulia. Kilichonifanya nishike kalamu ni ile sentensi iliyosema kwamba nafasi bora katika kambi yoyote ni iliyo karibu zaidi na mto. Mimi na mke wangu tumevuta trela kwa miaka tisa, na tumefikia imani kwamba kambi huchaguliwa kwanza kwa ardhi yake, yaani nafasi iliyopo ya kugeuzia, mteremko wake, miti iliyo juu yake na kimo chake kutoka kwenye maji. Hayo yakisharidhisha, ndipo mtu aangalie bwawa la kuogelea.

Nianze na urefu, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi hukosea hata kabla ya kuondoka nyumbani. Namba iliyo katika jina la trela mara nyingi si urefu wake halisi. Huenda ikawa ni urefu wa chumba peke yake, bila chuma cha mbele kinachofungwa kwenye gari, ambacho huongeza futi 3 au 4, na bila bampa na tairi la akiba lililofungwa nyuma. Trela yetu inaitwa kwa namba 23, lakini nilipoipima kwa utepe kutoka ncha ya kiungo cha mbele hadi nyuma kabisa nilipata futi 27 na nusu, yaani zaidi kidogo ya mita 8. Ukiongeza gari linaloivuta, msafara mzima unafika futi 47. Namba hizo nimeziandika kwa wino kwenye karatasi niliyoibandika mbele ya kiti cha dereva, pamoja na kimo cha trela hadi juu ya kiyoyozi, na sipigi simu kuomba nafasi bila kuzitazama. Ziko kambi zinazohesabu trela peke yake, na ziko zinazohesabu trela pamoja na gari, kwa hiyo jambo hilo liulizwe waziwazi kabla ya kulipa.

Lakini urefu wenyewe hautoshi, na hili tulifundishwa katika mwaka wetu wa pili. Tulikuwa tumelipia nafasi ya futi 30 katika kambi moja ya msituni, na tulifika jua likiwa limezama. Nafasi ile ilikuwa na urefu ulioandikwa, sikudanganywa. Tatizo lilikuwa mdomo wake. Barabara ya kambi ilikuwa nyembamba, ya kupita gari moja, na msonobari mkubwa ulisimama mahali hasa ambapo ubavu wa trela ulipaswa kupita wakati wa kurudi rivasi. Mke wangu alishuka na tochi akaimulika shina lake. Kwenye gome, kwa kimo cha bega la mtu, palikuwa na michubuko mirefu yenye rangi nyeupe, na kipande cha alumini chenye urefu wa kidole kilikuwa kimenasa kwenye utomvu. Wenzetu walikuwa wamepita pale kabla yetu na kuacha ngozi za trela zao. Tulijaribu kwa muda wa dakika arobaini, tukipiga rivasi na kusogea mbele, huku majirani wawili wakitusaidia kutazama pembe, na mwishowe trela ikaingia, ila mkono wa turubai la kivuli ulipinda na haukunyooka tena. Tangu siku hiyo nikipiga simu huuliza mambo matatu: urefu wa nafasi, upana wa barabara inayoelekea pale, na kama kuna mti au mwamba upande wa ndani wa kona. Mtu anayeifahamu kambi yake hujibu bila kusita. Akisita, naomba nafasi ya kupitiliza, ile ambayo gari huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili bila kurudi nyuma hata hatua moja, na kama hakuna, tunatafuta kambi nyingine.

Ni vyema wasomaji wajue kwa nini kambi nyingi za umma za Marekani zina nafasi fupi na kona kali, kwa maana nimesikia wasafiri wakilaumu uzembe pale ambapo pana busara ya zamani. Magari yalipoanza kumiminika misituni baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, watu walikuwa wakiegesha popote walipopenda chini ya miti. Mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyeitwa E. P. Meinecke, wa Idara ya Misitu ya Marekani, alichunguza miti mikubwa ya redwood ya California na kueleza kwamba matairi na miguu ya wageni ilikuwa ikiushindilia udongo hadi mizizi ikakosa hewa na maji, na uoto wa chini ukafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akatoa mpango wake: barabara ya mzunguko inayopitika upande mmoja tu, na kando yake vijia vifupi vilivyolala mshazari, kila kimoja kwa gari moja, huku mawe makubwa na magogo yakilizuia gari lisipite mpaka. Meza na jiko la mawe vikawekwa mahali pamoja pasipohamishika ili miguu ya watu ikanyage sehemu ileile. Vijana wa mpango wa ajira wa serikali ulioendeshwa kati ya mwaka 1933 na 1942, uliojulikana kwa kifupi kama CCC, walijenga kambi nyingi kwa mfumo huo, na mifupa ya kambi hizo ipo hadi leo. Kwa hiyo lile jiwe linalokwaruza trela yako liliwekwa pale kwa makusudi ili mti uishi. Mimi naliheshimu. Asiyeweza kuingia na alale kwingine, wala asiombe mti ukatwe.

Vipimo vya enzi hizo vinaonekana pia barabarani, na hapa uchaguzi wa kambi hufungamana na uchaguzi wa njia. Katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, jimboni Montana, kuna barabara ya mlimani iitwayo Going-to-the-Sun iliyokamilishwa mwaka 1932, na sehemu yake ya juu, kati ya kambi ya Avalanche na Rising Sun, hairuhusu msafara unaozidi futi 21 kwa urefu, yaani mita 6.4, wala futi 8 kwa upana vioo vya pembeni vikihesabiwa. Karibu kila trela ya kulala inapofungwa nyuma ya gari inavuka kipimo hicho. Kuna kambi nzuri upande wa magharibi wa hifadhi na nyingine upande wa mashariki, na ramani huzionyesha kama majirani, lakini mwenye trela aliyelipia upande wa mashariki akidhani atavuka mlima kutoka magharibi atalazimika kuuzunguka mlima wote kwa upande wa kusini, kupitia barabara kuu namba 2. Makala yenu iliwataka wasomaji watazame umbali kati ya kambi na kambi. Umbali wa mwenye trela hupimwa kwa barabara anayoruhusiwa kupita, na barabara hiyo lazima aijue kabla hajalipia kitanda.

Juu ya mteremko sitasema mengi, ila watu huudharau. Trela iliyolala upande humnyima mtu usingizi, milango yake hujifungua yenyewe, na maji ya bafuni hayatoki. Zaidi ya hapo, majokofu mengi ya trela yanayotumia gesi hayana kompresa: hufanya kazi kwa kuchemsha mchanganyiko wa amonia unaorudi chini kwa uzito wake, hivyo yakiwashwa muda mrefu trela ikiwa imeinama, kimiminika hukwama mahali pamoja, hupata joto kupita kiasi, na jokofu linaweza kufa moja kwa moja. Nabeba mbao za kuinulia tairi na kipimo kidogo cha usawa, na tukifika tu, kabla ya kuchomeka chochote, nakiweka sakafuni mlangoni. Wakati mke wangu anasoma kipimo, mimi nainua macho kutazama miti. Tawi kavu lililonasa juu ya nafasi yetu ni sababu tosha ya kuomba nafasi nyingine, hata kama kivuli chake kinapendeza.

Sasa nifike kwenye mto, jambo ambalo hasa ndilo lililonisukuma kuandika.

Nafasi zilizo kando ya maji ndizo huchukuliwa kwanza, na baadhi ya kambi huzitoza bei ya juu. Naelewa kwa nini, maana sauti ya mto usiku ni tamu, na watoto hupata mahali pa kuchezea. Lakini ardhi ile tambarare kando ya mto, yenye mchanga laini na miti iliyotawanyika, imetandazwa hivyo na mto wenyewe. Ni kitanda chake cha akiba, na siku ukikihitaji utakirudia bila kubisha hodi. Alfajiri ya Juni 11, 2010, katika kambi ya umma ya Albert Pike, ndani ya Msitu wa Taifa wa Ouachita jimboni Arkansas, mto Little Missouri ulijaa ghafla wakati watu wakiwa wamelala. Usiku wa manane maji yalikuwa na kina cha takriban mita 1 kwenye kipimo cha mto. Kabla ya mapambazuko yalikuwa yamepita mita 6. Watu 20 walikufa, wakiwemo watoto. Walikuwa wamelala ndani ya uwanda wa mafuriko, katika bonde jembamba ambamo simu hazikushika mtandao, na mvua kubwa ilikuwa imenyesha milimani, mbali na masikio yao.

Wala jambo hili si la Marekani peke yake. Jioni ya Agosti 7, 1996, huko Biescas katika milima ya Pyrenees nchini Hispania, mvua kali ilianguka juu ya bonde dogo la kijito cha Arás. Chini ya bonde hilo kulikuwa na kambi iliyojaa mahema na trela, iliyojengwa juu ya ardhi yenye umbo la upepeo ambayo kijito hicho kimeitandaza kwa mawe na matope yake kwa maelfu ya miaka. Kwa kuitazama, ilikuwa ardhi ya kuvutia: mteremko wa taratibu, nyasi, mlima nyuma yake. Vizuizi vidogo vilivyojengwa juu ya kijito kwa ajili ya kushika mawe vilikuwa vimejaa, vikabomoka, na kila kilichokuwa nyuma yake kikateremka kwa pamoja. Watu 87 walikufa. Na mwaka 2025, usiku wa kuamkia Julai 4, mto Guadalupe katika Kaunti ya Kerr, jimboni Texas, ulipanda kwa mita kadhaa katika muda usiotimia saa moja, ukasomba trela kutoka kambi zilizokuwa kando yake, na katika kaunti hiyo pekee watu zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Ndugu Mhariri, sisemi kwamba mtu asilale kabisa karibu na maji. Nasema atazame kabla ya kulala, na zipo alama ambazo hata mgeni anaweza kuzisoma. Mimi hutembea hadi ukingoni na kutafuta nyasi kavu, vijiti na taka za plastiki zilizonasa kwenye matawi, kwa sababu kimo cha takataka hizo ndicho kimo cha mafuriko ya mwisho. Katika kambi moja tulizikuta zimening'inia juu ya kichwa changu, ilhali tairi za trela yetu zilikuwa chini ya magoti yangu kwa kimo. Tulikwenda ofisini tukaomba kuhamishwa, na dada aliyekuwa pale akatupa nafasi ya juu karibu na vyoo, mahali ambapo hakuna anayepataka, na tukalala vizuri. Hutazama pia barabara ya kutokea: kama njia pekee ya kuondoka inavuka mto uleule kwa daraja la chini au kwa kivuko cha zege, basi maji yakipanda hakuna pa kwenda, hata trela ikiwa juu. Tena trela haiondolewi kama gari dogo. Ukiwa na mazoea, kuifunga kwenye gari gizani, kukunja turubai, kuchomoa umeme, mpira wa maji na bomba la majitaka kunakula nusu saa au zaidi. Maji ya Albert Pike yasingemsubiri mtu nusu saa. Ndiyo maana tumekubaliana nyumbani kwetu kwamba tukisikia tahadhari ya mafuriko tutashika watoto na tochi, tutapanda mlima kwa miguu, na trela tutaiacha.

Onyo hilohilo linawahusu wanaolala bure jangwani. Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya Marekani inaruhusu watu kuweka kambi katika maeneo yake mengi, kwa kawaida hadi siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, bila maji, bila umeme na bila malipo. Ni zawadi kubwa kwa wasafiri, na tumeifurahia mara nyingi. Lakini katika nchi ile kavu, mahali palipo sawa kuliko pote, pasipo na jiwe wala kichaka, mara nyingi ni sakafu ya korongo. Mvua ya ngurumo ikinyesha umbali wa kilomita nyingi, maji hushuka pale chini ya anga safi. Kanuni yetu ni kuiacha trela kando ya barabara kuu, kutembea kwa miguu hadi mahali tunapopakusudia, na kurudi kuichukua tukiwa tumeridhika. Kutembea huko kumetuokoa pia na mchanga laini na mahali pasipo na pa kugeuzia.

Kuhusu umeme, makala yenu iliandika kwamba nguzo ya ampea 50, yaani nguzo ya soketi ambayo trela huchomekwa kambini, ni bora kidogo kuliko ya ampea 30. Hapo naomba kurekebisha. Nguzo ya ampea 30 hutoa waya mmoja wa volti 120, hivyo kiwango chake cha juu ni wati 3,600. Nguzo ya ampea 50 ina waya mbili za namna hiyo, na jumla yake ni wati 12,000, yaani zaidi ya mara tatu. Mwenye trela ndogo yenye kiyoyozi kimoja hana haja ya kulipia ya pili, mradi akumbuke kutowasha kiyoyozi, mikrowevu na hita ya maji kwa wakati mmoja, maana kikata umeme kitaruka. Kinachopaswa kumsumbua zaidi ni umri wa nyaya za kambi. Alasiri ya joto kali, kila trela inapowasha kiyoyozi, volti katika kambi kuukuu huanguka. Mimi nimewahi kusoma volti 103 saa 10 alasiri kwenye kipimo changu, na mota ya kiyoyozi ilikuwa ikiunguruma kwa shida kama mtu aliyebeba mzigo uliomzidi. Nilikizima, tukakaa kivulini hadi jioni. Kipimo cha soketi chenye kinga ya kukata umeme unapokuwa mbaya si anasa. Nakichomeka kwenye nguzo kwanza, trela ikiwa bado imefungwa kwenye gari, na kama nyaya zimegeuzwa au waya wa ardhini haupo, naomba nguzo nyingine kabla sijafungua chochote.

Bomba la majitaka nalo lina siri moja ambayo picha haionyeshi. Tundu lake ardhini linapaswa kuwa chini kuliko tundu la trela, na katika kambi zilizojengwa kwa haraka mara nyingine liko juu zaidi au upande usiofaa, na mtu hujikuta akiinua mpira mkononi sehemu baada ya sehemu ili uchafu usirudi. Kwa safari ya siku chache heri kuikosa huduma hiyo na kutumia kituo cha kumwagia majitaka wakati wa kuondoka, ukianza na tangi la choo na kumalizia na maji ya kuoshea, ambayo huusafisha mpira.

Kuna sheria nyingine ambazo huwezi kuzibahatisha. Kambi ya Fishing Bridge katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone haipokei mahema wala trela zenye kuta za turubai, kwa kuwa dubu wa aina ya grizzly hupita maeneo yale, na mwenye trela ya kukunjuliwa aliyesafiri siku tatu akiwa na matumaini hatasaidiwa na machozi yake getini. Kambi nyingi za watu binafsi hazitaki trela iliyozidi umri wa miaka kumi. Sheria hiyo naiona si ya haki, kwa sababu trela ya zamani iliyotunzwa ni bora kuliko mpya iliyotelekezwa, lakini ipo, na wengine huilegeza mtu akiwatumia picha mapema kwa heshima. Na kwa kuwa nafasi nyingi katika hifadhi za taifa hufunguliwa kwa maombi miezi kadhaa kabla, mara nyingi miezi 6, anayechelewa hubaki na zile zilizokataliwa na wengine. Mwulize mhusika kwa nini zimekataliwa. Wakati mwingine ni kwa sababu ziko karibu na vyoo, na hilo linavumilika. Wakati mwingine reli inapita nyuma ya uzio, na treni za mizigo za Marekani hupiga honi katika makutano mengi ya reli na barabara, hata usiku. Ramani ya satelaiti huonyesha reli kabla ya kulipa, na huonyesha mto pia, na daraja la kutokea.

Yote niliyoyaeleza yanahitaji mwanga wa mchana, na pengine hilo lilipaswa kutangulia. Kambi nyingi hupokea wageni kuanzia saa 8 au saa 9 alasiri, nasi tumejiwekea kufika kabla ya saa 10, hata ikibidi kukatisha safari mapema kuliko tulivyopenda. Ukifika mchana unaweza kukataa. Unaweza kushuka, kuuona msonobari, kuyaona majani makavu yaliyonasa juu ya kichwa chako, na kurudi ofisini kwa adabu kuomba nafasi nyingine, au hata kuondoka na kutafuta kambi iliyo mbele. Anayefika usiku hupokea chochote, na huendesha trela yake katika kimya cha watu waliolala, kwa maana saa za utulivu kwa kawaida huanza saa 4 usiku.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Kwa kuwa msimu wa likizo unakaribia na wapo wasomaji watakaoikata makala ile na kusafiri nayo, tafadhali chapeni masahihisho ya sentensi ile ya mto, mahali palepale ilipochapwa, mkiwaeleza wasomaji kwamba kabla ya kuchukua nafasi iliyo karibu zaidi na maji waulize maji yalifika wapi mara ya mwisho, na watembee wenyewe kwenda kuona.

Wako katika kuelimishana,
Msomaji wenu, mvuta trela